Mori wa mchezaji wa kikapu: njia nne za kuutumia, na ipi inamfaa nani

Steve Kerr ni miongoni mwa watu wachache walioujua mori wa wachezaji wakubwa wa kikapu kwa karibu kuliko walivyopenda. Mwaka 1995, Chicago Bulls walipokuwa wakijiandaa kwa msimu mpya, alirushiana maneno na Michael Jordan mazoezini, wakasukumana, na mwisho wake Kerr akapigwa ngumi ya usoni. Mwaka 2014 alikabidhiwa kuifundisha Golden State Warriors, na huko akamkuta Draymond Green, mtu ambaye kocha yeyote angemtamani na kumwogopa kwa wakati mmoja. Katikati ya safari hiyo alicheza San Antonio Spurs pamoja na Tim Duncan, aliyesifika kwa uso usioonyesha lolote. Kerr ana mataji tisa ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, matano ya uchezaji na manne ya ukocha, na ukiyachambua utakuta yametoka kwa watu wa moto na kwa watu watulivu vilevile.

Kwa hiyo makala hii haiulizi kama mori ni mwema au mbaya. Imeandikwa kwa ajili ya yule ambaye tayari anao, au anamfundisha au kumlea mwenye nao, na amekwama kwenye swali linalofuata: aupeleke wapi? Kila anayefundisha vijana anamjua mtoto huyu. Filimbi inalia, anageuka huku amekunjua mikono yote miwili, anaupigiza mpira sakafuni unaruka juu kupita kichwa cha mwamuzi, na wakati benchi lake linapiga kelele arudi kulinda, mtu aliyepaswa kumkaba ameshafunga. Mtoto huyohuyo, siku ambayo hasira imeingia miguuni badala ya mdomoni, hakuna anayemweza. Tumezoea kumwambia kwamba hasira hasara, na methali hiyo ni ya kweli, ila haimwambii afanye nini na kitu ambacho hawezi kukivua na kukiacha nyumbani kama koti.

Vigezo

Nimechagua vigezo vitano, na nitavitumia kwa njia zote nne bila upendeleo. Cha kwanza ni mwelekeo, yaani moto unaelekezwa kwa nani au kwa kitu gani. Cha pili ni kile unacholeta uwanjani kinachoweza kuonekana. Cha tatu ni gharama, na hasa nani anayeilipa. Cha nne ni mambo yanayopaswa kuwapo kando ya mchezaji ili njia hiyo isimwangushe. Cha tano ni aina ya mtu inayemfaa.

Kigezo cha mwelekeo nimekitanguliza kwa sababu ya Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, ambaye kila alipouzuia mpira wa mpinzani alimtikisia kidole usoni kama mzazi anayemkanya mtoto. Ligi iliamua kwamba kumfanyia hivyo mpinzani ni dhihaka na kwamba adhabu yake ni faulo ya kiufundi, yaani ile ya mwenendo mbaya. Mutombo hakukiacha kidole chake. Aligeuka akawa anawatikisia watazamaji, na hilo halikuwa kosa. Kidole ni kilekile, na mori ni uleule, ila digrii chache za kugeuka mwili ziliondoa gharama yote na kuiacha faida yote.

Njia zenyewe

Kila njia nimeipa mtu mmoja wa kuiwakilisha, ingawa hakuna binadamu anayeishi katika njia moja tu. Ya kwanza ni njia ya sauti, na mwakilishi wake ni Kevin Garnett, aliyeingia NBA mwaka 1995 moja kwa moja kutoka sekondari, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2004 na bingwa akiwa na Boston Celtics mwaka 2008. Ya pili ni njia ya kinyongo, ya Michael Jordan. Ya tatu ni njia ya moto wazi, ya Draymond Green, ambaye timu ilikubali kuishi na miali yake kwa sababu ya joto linalotoka humo. Ya nne ni njia ya tabibu, ya Ron Artest, aliyefahamika baadaye kwa jina la Metta World Peace.

Moto unaelekea wapi

Katika njia ya sauti, mori unatoka kinywani na unawaendea wenzako kwanza, wapinzani baadaye. Garnett alizungumza mechi nzima. Akiwa nyuma kabisa ya ulinzi, mahali ambapo mchezaji mrefu anaona uwanja wote, alitangaza nani anakuja kuweka kizuizi, nani amebaki peke yake, nani arudi. Kabla ya mechi alikuwa akikigonga kipaji cha uso kwenye mto unaofunika nguzo ya goli, akijisemea mwenyewe na kujipigapiga kifua, kisha ndipo anageuka. Ukimtazama vizuri utagundua kwamba hasira ile aliiwasha kwa makusudi, kama mpishi anayewasha jiko kabla ya wageni kufika.

Kinyongo huenda ndani, na huko hakizimiki. Ni moto wa makumbi, unaoungua chini kwa chini huku juu kukiwa na jivu. Jordan alikuwa na kipaji cha kutafuta mtu aliyemkosea, na asipompata alimtengeneza. Machi 1993 kijana wa Washington Bullets, LaBradford Smith, alifunga pointi 37 dhidi ya Bulls. Habari ikaenea kwamba baada ya mechi alimwambia Jordan kwa kejeli kuwa amecheza vizuri. Usiku uliofuata timu hizo zilikutana tena na Jordan akafunga 47, ambazo 36 kati yake zilipatikana kabla ya mapumziko. Baadaye alikiri kwamba maneno yale hayakuwahi kusemwa, kwamba aliyatunga yeye. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi hivi kwamba mori unaweza kuwa kifaa cha kazi, kinachonolewa na mwenyewe kabla ya kutumiwa.

Moto wazi hauna mwelekeo mmoja, na hiyo ndiyo sifa yake na kasoro yake. Wa Green humpata mpinzani, mwamuzi, mwenzake na hata kocha. Njia ya tabibu nayo inatofautiana na hizo tatu kwa kuwa haielekezi moto popote kwanza. Inauliza unatoka wapi.

Unaleta nini uwanjani

Celtics walishinda mechi 24 tu msimu wa 2006-07. Garnett akaja pamoja na Ray Allen, wakaungana na Paul Pierce, na msimu uliofuata wakashinda 66 na kuchukua ubingwa. Haitakuwa haki kuyaweka yote hayo kwenye koo la mtu mmoja, lakini ulinzi ndio uliokuwa nguzo ya timu ile, na Garnett ndiye aliyetajwa kuwa mlinzi bora wa mwaka. Kocha wao, Doc Rivers, aliwapa neno la kutamka kila walipovunja duara: ubuntu. Kwa msomaji wa Kiswahili halihitaji kufasiriwa, kwa kuwa ni utu uleule wetu uliosafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Boston. Linaeleza vizuri kwa nini kelele za Garnett hazikuwachosha wenzake: zilikuwa za kazi yao, si za nafsi yake. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alitembea katika njia hiyohiyo. Mei 2016 akiwa na Toronto Raptors alichukua ribaundi 26, yaani mipira iliyorudi baada ya mitupo kukosa goli, katika mchezo mmoja dhidi ya Cleveland, katika mfululizo huo wa fainali ya kanda ya mashariki ambao wengi wanamkumbuka kwa kidole alichokirithi kwa Mutombo.

Faida ya kinyongo inaonekana zaidi mahali ambapo hakuna watazamaji. Mtu aliyeachwa nje ya kikosi cha kwanza cha sekondari ya Laney, huko Wilmington, nafasi ikachukuliwa na rafiki yake Leroy Smith, aliligeuza jambo hilo kuwa saa za mazoezi kwa miaka mingi. Kinyongo humwamsha mtu alfajiri. Sauti na moto wazi haviwezi kazi hiyo, kwa kuwa vyote viwili vinahitaji wa kuvisikia.

Green alichaguliwa wa 35 katika drafti ya 2012, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi, nafasi ambayo wengi wanaochaguliwa hapo hawadumu katika ligi. Kwa urefu wake wa takriban mita 1.98, hakuonekana kuwa mrefu wa kutosha kwa kazi za ndani wala mwepesi wa kutosha kwa kazi za nje. Mori ndio uliojaza pengo hilo. Katika fainali za 2015 Kerr alimwondoa mchezaji wake mrefu, Andrew Bogut, katika kikosi kinachoanza, na Green akawakaba watu waliomzidi kimo; mfululizo ukageuka na Warriors wakawa mabingwa. Mwaka 2017 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi. Ukimtoa moto Green, hutabaki na Green mtulivu; huenda usibaki na mchezaji wa NBA kabisa, na hili ni jambo ambalo wakosoaji wake huliruka haraka mno.

Kuhusu Artest, mnamo 17 Juni 2010 Los Angeles Lakers waliwafunga Celtics 83 kwa 79 katika mchezo wa saba wa fainali. Artest alifunga pointi 20, ukiwamo mtupo wa pointi tatu mwishoni kabisa, na alipowekewa kipaza sauti akamshukuru daktari wake wa akili mbele ya dunia nzima. Alimshukuru kwa kumsaidia kutulia wakati wa presha. Hakutaja misuli wala mbinu.

Unagharimu nini, na nani analipa

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea wanapoiga wachezaji wa televisheni. Kanuni wanazochezea wale si kanuni tunazochezea sisi.

Katika NBA mchezaji ana faulo sita, na faulo ya kiufundi haihesabiwi ndani ya hizo sita. Mechi ni ya dakika 48. Mchezaji hufungiwa mechi moja akifikisha faulo 16 za kiufundi katika msimu wa kawaida, kisha mechi nyingine kwa kila faulo mbili zinazoongezeka. Rasheed Wallace alipewa faulo 41 za kiufundi katika msimu wa 2000-01, kabla ya utaratibu huo kuanza. Ukizipitisha katika hesabu ya sasa, angekosa mechi 13. Hata hivyo miaka michache baadaye, mwaka 2004, alikuwa bingwa na Detroit Pistons, na kijana anayesoma habari hiyo anaweza kudhani kwamba kelele kwa mwamuzi ni bure.

Ligi za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na Ligi ya Kikapu ya Afrika iliyoanza Kigali mwaka 2021, huchezwa kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Huko mchezaji ana faulo tano, mechi ni ya dakika 40, na faulo ya kiufundi ya mchezaji inahesabiwa ndani ya zile tano na pia katika faulo za timu kwa robo hiyo. Mbili za kiufundi zinakutoa uwanjani. Moja ya kiufundi na moja isiyo ya kiuanamichezo nazo zinakutoa. Chukua mchezaji mwenye faulo tatu katika robo ya tatu, anayeona ameonewa na anayemtolea mwamuzi maneno. Kwa sekunde mbili za kusema alichonacho moyoni, anampa mpinzani mtupo huru mmoja, anaisogeza timu yake karibu na kiwango ambacho kila faulo italipiwa mitupo huru miwili, na yeye mwenyewe anabakiza faulo moja tu kabla ya kwenda kukaa. Bili hiyo wanailipa watu kumi na wawili.

Kwa kipimo hiki, njia ya sauti ndiyo ya bei nafuu kuliko nyingine, lakini si ya bure. Aprili 2010 Garnett alimpiga kiwiko Quentin Richardson wa Miami Heat katika rabsha mbele ya benchi, akafungiwa mchezo wa pili wa mfululizo huo. Celtics walishinda bila yeye, na pengine ndiyo maana tukio hilo limesahaulika. Upande mwingine wa sauti ni kwamba inaweza kuhamishia gharama kwa mpinzani. Januari 2013, baada ya kutupiana maneno na Garnett, Carmelo Anthony wa New York Knicks alimfuata hadi karibu na basi la Celtics, na aliyefungiwa mechi moja akawa Anthony. Wahenga walikwisha kusema kwamba hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Kila mchezaji wa moto anapaswa kujiuliza kila usiku yeye ni nani kati ya hao wawili.

Kinyongo hakiandikwi kwenye karatasi ya faulo, na kwa hiyo huonekana rahisi. Gharama yake hulipwa mazoezini na wenzako, kama Kerr alivyolipa mwaka 1995. Jordan alifukuzwa mazoezini siku ile, akampigia simu Kerr kumwomba radhi, na msimu huo Bulls wakashinda mechi 72 na kupoteza 10. Juni 1997, katika mchezo wa sita wa fainali dhidi ya Utah Jazz, matokeo yakiwa sare katika sekunde za mwisho, Jordan aliwavuta walinzi wawili, akampasia Kerr, na Kerr akafunga. Hadithi hii husimuliwa kama ushahidi kwamba ngumi ile ilijenga imani. Mimi naona iliyojenga imani ni ile simu. Gharama nyingine ya kinyongo ni kwamba hakijui kustaafu: mwaka 2009, Jordan alipoingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu huko Springfield, alitumia sehemu kubwa ya hotuba kuwakumbusha watu waliomtilia shaka, na Leroy Smith akiwa amealikwa, ameketi miongoni mwa wasikilizaji.

Moto wazi ndio unaoandikiwa bili kubwa zaidi. Mwaka 2016 Warriors walikuwa wameshinda mechi 73 na kupoteza 9, na katika fainali walikuwa mbele ya Cleveland Cavaliers kwa michezo mitatu kwa mmoja. Mwishoni mwa mchezo wa nne Green alirusha mkono uliompata LeBron James sehemu za siri. Baada ya mechi ligi iliihesabu kuwa faulo mbaya, na kwa kuwa alishakusanya nyingine katika hatua za mtoano, akakosa mchezo wa tano. Warriors walipoteza huo, wakapoteza wa sita, wakapoteza wa saba. Katika huo wa saba Green alifunga pointi 32, akachukua ribaundi 15 na kutoa asisti 9 (pasi za kufungia), yaani alicheza mechi mojawapo bora kabisa maishani mwake, siku sita tu baada ya mchezo aliofungiwa, akiwa amechelewa. Oktoba 2022 alimpiga ngumi mwenzake Jordan Poole mazoezini, na kiangazi kilichofuata Poole alihamishwa. Novemba 2023 alimkaba Rudy Gobert shingoni, akafungiwa mechi tano. Mwezi uliofuata akampiga Jusuf Nurkić usoni na kukosa 12. Mataji manne nayo yapo, na hakuna anayeweza kuyafuta.

Artest aliingia katika njia yake baada ya kulipa kuliko wote. Mnamo 19 Novemba 2004, katika uwanja wa Detroit Pistons, alikuwa amelala juu ya meza ya waandishi wa matokeo akijaribu kutulia baada ya ugomvi uwanjani, ndipo mtazamaji akamrushia kinywaji. Akapanda majukwaani. Adhabu yake ilikuwa kukosa mechi zote zilizobaki za msimu, jumla 86 ukihesabu za mtoano. Gharama ya tabibu mwenyewe ni ya aina nyingine: ni muda, ni fedha, na ni maneno ya watu, kwa kuwa kwetu bado kwenda kwa daktari wa akili huonekana kama kukiri wazimu. Wala si kinga kamili. Aprili 2012, akiwa tayari anaitwa Metta World Peace na akiwa amepewa tuzo ya uraia mwema ya ligi mwaka mmoja kabla, alimpiga kiwiko James Harden kichwani na kufungiwa mechi saba.

Unahitaji nini kando yake

Sauti inahitaji maarifa kabla ya nguvu za mapafu. Anayepiga kelele bila kujua mpira unaelekea wapi huwa mzigo wa pili baada ya mpinzani. Inahitaji pia wenzake waliomruhusu, ruhusa inayopatikana kwa kukimbia kila kimbio la mazoezi mbele yao.

Kinyongo kinahitaji kipaji cha kutosha kukilipia na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema basi. Bulls walikuwa na kocha Phil Jackson, aliyeweza kumfukuza Jordan mazoezini na Jordan akatoka. Timu ambayo nyota wake hafukuziki haifai kufuga kinyongo.

Moto wazi unahitaji ukuta kuuzunguka: kocha aliyewahi kuungua na bado anapenda kuota moto, nahodha mtulivu wa aina ya Stephen Curry, na uongozi unaoadhibu inapobidi. Novemba 2018, Green alipogombana na Kevin Durant benchini, klabu yenyewe ndiyo iliyomsimamisha mechi moja. Februari 2016, wakati wa mapumziko huko Oklahoma City, alimpigia Kerr kelele chumbani zikasikika hadi nje, na usiku huohuo Warriors wakashinda katika muda wa nyongeza. Klabu nyingi za kwetu, zinazofanya mazoezi saa kumi na mbili jioni kwa kugawana uwanja na kuchangishana nauli, hazina ukuta huo, na si kosa lao.

Tabibu anahitaji usiri na subira. Tangu msimu wa 2019-20 NBA imezitaka timu ziwe na wataalamu wa afya ya akili, jambo lililofanya hatua hii iwe ya kawaida kwao. Kwa mchezaji wetu mlango wa kwanza mara nyingi huwa hospitali ya rufaa au mshauri wa shule, na anayempeleka anapaswa kufunga mdomo baada ya hapo.

Unamfaa nani

Sauti inamfaa mchezaji wa ndani, nahodha, na yeyote ambaye hasira yake humfanya aone zaidi badala ya kuona kidogo. Haimfai anayesahau saa inayohesabu muda wa shambulizi mori ukimpanda.

Kinyongo kinamfaa mfungaji aliyeachwa nje, mwenye nidhamu ya kufanya kazi peke yake na mwenye tabia ya kuomba radhi siku hiyohiyo. Hakimfai anayelala nacho na kuamka nacho hata msimu ukiisha.

Moto wazi unamfaa yule tu ambaye timu haiwezi kupata mbadala wake na anayejua hivyo bila kulewa. Mchezaji wa akiba anayeuiga hupoteza dakika kumi alizopewa.

Tabibu anamfaa yeyote ambaye hasira inamfuata hadi nyumbani, anayejutia mambo ambayo hakumbuki vizuri alivyoyafanya, au ambaye tayari amemuumiza mtu. Anafaa pia kuwekwa chini ya njia nyingine yoyote, kama msingi chini ya ukuta. Huyu ndiye pekee asiyegombana na wale watatu.

Kwa hali yako

Ukiwa kijana wa sekondari unayetafuta nafasi ya kusoma kwa mpira, anza na sauti. Anayekuja kukutazama ana mechi moja au mbili tu za kukupima, na faulo moja ya kiufundi inaweza kuwa ndiyo picha aliyoondoka nayo. Sauti ya ulinzi inasikika hata siku ambayo mipira haiingii.

Ukiwa umekatwa kwenye kikosi, kinyongo ni chako kwa miezi mitatu. Andika jina la uwanja na saa ya mazoezi badala ya jina la aliyekukata.

Ukiwa nyota wa timu na mori wako tayari ni wazi, zungumza na kocha kabla ya msimu mkubaliane neno moja ambalo akilitamka unatoka bila kujadili, na wenzako walijue. Anza na hesabu ya FIBA, si ya NBA.

Ukiwa kocha mwenye mchezaji wa namna hii, usimkataze kabla hujajua kile atakachobaki nacho ukimnyang'anya. Mpe kazi ya kutangaza vizuizi kwa wiki mbili uone kama moto unakubali kupita mdomoni kwa njia yenye faida. Usipokubali, na hasa kama kuna ngumi iliyokwisha kurushwa, mpeleke kwa mtaalamu kwanza na mengine yafuate.

Ukiwa mzazi, sikiliza anachosimulia mwanao ndani ya gari au daladala baada ya mechi waliyopoteza. Akisimulia mchezo, muachie kocha. Akiwa bado anamsimulia mwamuzi siku ya tatu, huo si mori wa mpira peke yake.

Na kama hujui bado uko kundi lipi, omba mtu akurekodi kwa simu mechi mbili, kisha usitazame mitupo yako wala pasi zako. Tazama sekunde kumi za kwanza baada ya kila filimbi iliyokuwa dhidi yako, na uhesabu ni mara ngapi miguu yako ilianza kurudi nyuma kabla mdomo haujafunguka.